Mvua ya Vuli Huanzia Baharini

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo, utamu kolea. Uongo leo tumeuacha nje, wanangu, kwa sababu haya ninayowasimulia ni kweli tupu, na mhusika wake mkuu ni bahari.

Kila mwaka ukiingia mwezi wa Agosti, wakati wenzenu wa Njombe na Limuru bado wanakwenda shule na masweta, wataalamu wa hali ya hewa kutoka nchi 11 hukutana kujibu swali moja. Wanatoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea, Djibouti, Sudan na Sudan Kusini. Mwenyeji wao ni kituo kinachoitwa ICPAC, chenye makao yake Ngong, nje kidogo ya Nairobi. Swali lenyewe ni hili: mvua za Oktoba, Novemba na Desemba mwaka huu zitakuwaje?

Wakishamaliza, kila nchi huchukua ramani ya pamoja ikatengeneza taarifa yake yenyewe. Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na Kenya ni ya Idara ya Hali ya Hewa. Ndiyo ile taarifa ya mwelekeo wa mvua za vuli mnayoisikia redioni, ambayo wakubwa wakiisikia huwaambia nyamazeni kidogo. Nataka mjue yale maneno yanatoka wapi. Mtoto akiyaelewa, nyumbani kwao hawataishia kubishana kama mvua itanyesha au haitanyesha. Watajua la kufanya.

Tuanze na jua. Tarehe 22 au 23 Septemba hivi, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya Ikweta likielekea kusini. Huko Ulaya siku zinafupika, majani ya miti yanageuka manjano na mekundu kisha yanapukutika, na mbayuwayu hawangoji baridi iwakute. Wanafunga safari ya maelfu ya kilomita kuja kwetu. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuoni majani yakipukutika namna hiyo. Tunaona mawingu yakianza kujikusanya.

Sababu ni kwamba mahali jua linapochoma sana, hewa hupata joto, ikawa nyepesi na kupanda juu. Upepo wa kaskazini na upepo wa kusini hukimbilia hapo kujaza nafasi, nao wakikutana hupandishwa juu pamoja na unyevu wao. Huko juu hewa inapoa, unyevu unageuka matone, na matone yakizidi uzito yanaanguka. Eneo hilo refu la mawingu, linalozunguka dunia kufuata Ikweta, wataalamu wetu huliita ukanda mvua. Ukanda huu hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa wiki kadhaa. Ukipita kwenda kusini, tunapata vuli. Ukirudi kaskazini kuanzia Machi hadi Mei, tunapata masika.

Si wote wanaopata misimu miwili. Tanga, Unguja na Pemba, Dar es Salaam, Arusha, Kilimanjaro, mikoa inayozunguka Ziwa Victoria na sehemu kubwa ya Kenya wana vuli na masika. Rwanda wana vuli yao wanayoiita umuhindo, na Wasomali wana deyr. Lakini ukiwa Dodoma, Mbeya au Songea, ukanda mvua unakufikia, unatulia kusini kwako, kisha unarudi bila kukuachia nafasi ndefu ya ukavu katikati. Huko kuna msimu mmoja tu, wa Novemba hadi Aprili. Basi binamu yako wa Tanga akikwambia kwao vuli imeanza na kwenu Songea bado ni vumbi, kila mmoja anasema kweli yake.

Lakini jua halibadilishi njia. Lingekuwa peke yake, vuli ya kila mwaka ingefanana na ya mwaka uliotangulia, na Agosti wataalamu wangebaki makwao. Vuli haifanani hata kidogo. Mwaka huu inabomoa madaraja, mwaka ujao inapita bila kulowesha hata shina la mhindi. Kinacholeta tofauti kubwa namna hii ni bahari.

Fungueni ramani mtazame Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi tupo sisi: Somalia, Kenya, Tanzania. Upande wa mashariki kuna kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Katika mwaka wa kawaida, upepo unaovuma kufuata Ikweta huyasukuma maji yenye joto kuelekea Sumatra. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi, kwa hiyo mawingu makubwa hujengeka huko, na mvua kubwa hunyesha huko. Sisi tunapata sehemu yetu ya kawaida.

Miaka mingine upepo ule hulegea, au hugeuka kabisa na kuvuma kuelekea Afrika. Hapo maji yenye joto hukusanyika upande wetu. Karibu na Sumatra, maji baridi ya chini ya bahari hupanda kuja juu kuchukua nafasi iliyoachwa. Upepo sasa unaleta unyevu moja kwa moja hadi pwani yetu na kuupandisha bara, na vuli inakuwa kubwa. Kuna pia miaka ya kinyume chake, ambapo joto huzidi kule Sumatra na maji ya kwetu yakapoa kuliko kawaida. Hapo vuli inakauka.

Kupanda na kushuka huku kwa joto kati ya pande mbili za bahari kunaitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Kulielezwa vizuri na kupewa jina mwaka 1999, katika utafiti wa Saji, mwanasayansi kutoka India, pamoja na wenzake akiwamo Toshio Yamagata wa Japani. Fikirini hilo. Mababu zetu walisafiri na majahazi katika bahari hii kwa karne nyingi, wakaujua upepo wa kusi na wa kaskazi kwa majira yake na tabia zake, lakini siri hii ya pande mbili imepata jina ndani ya umri wa wazazi wenu.

Sasa tazameni miaka mnayoisikia ikitajwa na wazee. Mwaka 1961, ambao Tanganyika ilipata Uhuru mwezi Desemba, mvua zilinyesha hadi Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Ziwa lile lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000. Kulipandisha hata kwa kimo cha kidole ni maji yasiyohesabika. Mwaka 1997 mafuriko yalikata barabara na reli Kenya na Tanzania. Mwaka 2019 mvua hazikukoma. Huko Pokot Magharibi mlima uliporomoka usiku mwezi Novemba ukafukia nyumba na watu, na wakati huohuo upande wa pili wa bahari, Australia ilikuwa kavu na misitu yake ikiungua. Katika miaka yote hiyo, maji yenye joto yalikuwa upande wetu.

Upande wa ukavu nao una tarehe zake. Mwaka 2010 vuli ilikosekana, na mwaka uliofuata njaa ikatangazwa Somalia. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Mamilioni ya mifugo ilikufa. Familia zilizokuwa na ng'ombe na ngamia zilitembea kwa miguu hadi kambini bila kitu.

Mmesikia pia jina El Niño. Huyo ni ndugu wa mbali, anatokea Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kusini, maji ya huko yanapopata joto kuliko kawaida. Mara nyingi El Niño huisukuma Bahari ya Hindi iegemee upande wetu, na ndiyo maana watu wengi Afrika Mashariki wakisikia jina hilo huwaza mafuriko. Lakini si lazima. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa kuwahi kupimwa, na bado vuli yetu haikufikia ile ya 1997. Na mwaka 2011 Pasifiki ilikuwa imepoa, jambo ambalo kwa kawaida hutuletea ukavu, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa na joto upande wetu. Desemba mwaka huo bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, lilifurika na watu zaidi ya 40 wakafa. Kwa hiyo mkisikia El Niño, ulizeni mara moja: na bahari yetu je?

Hapa ndipo penye siri ya kikao cha Agosti. Hewa ina haraka. Wingu la asubuhi jioni halipo. Bahari ni nzito na mvivu. Ikishika joto mwezi Agosti, huenda ikabaki nalo hadi Desemba. Kwa sababu hiyo mtaalamu anaweza kuipima leo akazungumzia mvua za miezi mitatu ijayo, na ndiyo maana vuli hutabirika vizuri kuliko masika, ambayo haijafungamana na bahari kwa nguvu hiyo. Wanaipimaje? Setilaiti hutazama joto la uso wa bahari kutoka angani. Na ndani ya maji kuna maboya yapatayo 4,000 yanayoitwa Argo, yaliyotawanywa katika bahari za dunia. Boya la Argo huelea chini kwa chini bila mtu, huzama hadi mita 2,000, na kila baada ya siku 10 huibuka, hutuma vipimo vyake angani, kisha huzama tena. Hata sasa unaposoma haya, mengine yako chini ya maji mashariki ya Zanzibar.

Kikao hicho cha nchi zetu kina umri pia. Kilianza Nairobi mwezi Februari 1998, wakati matope ya mafuriko ya 1997 hayajakauka. Watu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba mvua haisimami mpakani kuonyesha pasipoti, na kwamba nchi moja peke yake haiwezi kuitabiri.

Sasa tuje kwenye lugha ya taarifa yenyewe, maana hapa ndipo watu wazima wengi hupotea. Mtangazaji atasema: "Kuna uwezekano wa asilimia 50 wa mvua za juu ya wastani." Maana yake nini?

Kwanza, wastani. Katika kituo cha hali ya hewa kuna kipimamvua, silinda ya chuma yenye mdomo wa duara na faneli ndani. Kila siku saa tatu asubuhi mtu huenda, humimina maji yaliyoingia katika kioo cha kupimia, huinama hadi jicho lake lilingane na uso wa maji, husoma, huandika. Jumapili anakwenda. Sikukuu anakwenda. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Kama bati la nyumba yenu lina mita za mraba 40, na ikanyesha milimita 20, juu ya bati hilo zimeanguka lita 800, yaani ndoo 40 za lita 20. Bila gata wala tangi, ndoo zote hizo zinakwenda zake mtaroni.

Ukichukua maandishi ya miaka 30 ya kituo kimoja, ukaipanga miaka hiyo kwa mstari kuanzia vuli kavu kuliko zote hadi vuli ya mvua nyingi kuliko zote, utaigawa mafungu matatu: 10 ya mwanzo ni chini ya wastani, 10 ya katikati ni wastani, 10 ya mwisho ni juu ya wastani. Kazi ya taarifa ni kusema vuli ijayo ina nafasi kiasi gani ya kuangukia fungu gani.

Fanyeni hivi. Tafuteni gololi 10: 5 za buluu, 3 nyeupe, 2 nyekundu. Zitieni katika mfuko mweusi. Buluu ni mvua nyingi, nyeupe ni ya wastani, nyekundu ni ukavu. Mmoja afumbe macho achomoe moja, aitazame, airudishe. Rudieni hadi mchoke, mkiandika rangi kila mara. Buluu itatoka mara nyingi kuliko nyingine, lakini nyekundu nayo itatoka. Ikitoka, mfuko haukudanganya, maana nyekundu ilikuwamo tangu mwanzo. Mtu anayesema "walitangaza mvua kubwa na kwangu haikunyesha, basi waongo" hajawahi kuucheza mchezo huu. Uchezeni naye.

Na jumla si kila kitu. Mvua ya miezi mitatu inaweza kunyesha yote katika wiki mbili, ikaondoka na udongo, kisha mahindi yakafa kwa kiu yakiwa yametoa mbelewele. Kwa hiyo taarifa hutaja pia lini mvua itaanza, lini itakoma, na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu katikati. Mkulima anayekimbilia kupanda kwa manyunyu ya kwanza, kabla mvua haijashika, mara nyingi hununua mbegu mara mbili. Ukisikia tarehe ya mwanzo, iandike ukutani.

Mbali na mvua, vipi kuhusu joto na baridi? Septemba na Oktoba jua liko karibu utosini, na kabla ya mvua joto huwa kali, hasa bara. Mvua zikishika, mawingu hulikinga jua mchana, na udongo uliolowa hutumia joto jingi kukausha maji yake, kwa hiyo mchana hupoa. Usiku hali ni tofauti: mawingu yaleyale huzuia joto la ardhi lisitoroke, ndiyo maana usiku wenye mawingu Nairobi au Arusha haufikii baridi ya usiku wenye anga safi. Vuli ikiwa kubwa, mchana huwa baridi kuliko vuli kavu. Lakini msishangae taarifa ikisema pia kwamba joto litakuwa juu ya wastani katika sehemu nyingi. Dunia inapata joto mwaka hadi mwaka, na mvua nyingi haziondoi hilo. Bahari yenye joto zaidi hutoa mvuke zaidi, na mvuke zaidi ukikutana na upepo unaokuja kwetu, mvua yake haina masihara.

Agosti 2023 ramani ya pamoja ilionyesha wazi: El Niño Pasifiki, na Bahari ya Hindi yenye joto upande wetu. Taarifa zilisema mvua za juu ya wastani. Novemba mto Shabelle ulifurika na kuizamisha sehemu kubwa ya mji wa Beledweyne, Somalia. Garissa na Tana River, Kenya, vijiji vikageuka visiwa. Tarehe 3 Desemba tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang' hadi Katesh, mkoani Manyara, vikaua watu zaidi ya 80. Ninawaambia haya kwa uchungu. Taarifa ya msimu haiwezi kusema mlima gani utaporomoka, au siku gani. Inaweza kusema mwaka huu mkae macho, na baada ya hapo zinafuata taarifa fupi za siku 10, za siku 5, na tahadhari ya siku yenyewe. Anayesikiliza ile ya Agosti na kuziba masikio ya Novemba amesikia nusu tu.

Wazee wetu nao walisoma dalili: miti inayochipua kabla ya tone la kwanza, upepo unaogeuka, wadudu wanaotoka ardhini. Kule Vihiga, magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi, maarufu tangu zamani kwa kutabiri mvua, wamekuwa wakikaa pamoja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa na wa ICPAC, wakilinganisha dalili za msitu wao na vipimo vya setilaiti, kisha kuwaambia wanakijiji kwa lugha yao. Napenda sana jambo hili. Habari njema isiyomfikia mkulima kwa maneno anayoyaamini haimsaidii.

Madaktari wa mifugo nao huisubiri taarifa ya vuli. Kuna mbu ambao mayai yao hulala katika udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, yakingoja mafuriko. Maji yakifika, yanaanguliwa, na mbu hao wanaweza kueneza homa ya Bonde la Ufa, iliyoua mifugo na watu Garissa mwishoni mwa 1997. Chanjo lazima iwatangulie mbu. Daktari aliyeambiwa Agosti ana muda wa kuchanja. Aliyeambiwa Desemba hana.

Nanyi wanangu mna sehemu yenu. Chukueni chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, mkubwa amsaidie mdogo kuikata pale inapoanza kuwa nyembamba. Tieni kokoto chini isiangushwe na upepo, mimineni maji hadi juu ya kokoto, pigeni mstari hapo: hiyo ndiyo sifuri. Kigeuzeni kile kipande cha juu kiwe faneli, mkipachike mdomoni. Bandikeni rula ubavuni, iwekeni chupa mahali pa wazi mbali na miti na ukuta, muisome kila siku saa tatu asubuhi, kisha mrudishe maji kwenye mstari. Andikeni hata siku ambazo mvua haikunyesha, kwa sababu sifuri nayo ni kipimo. Muulizeni mwalimu wenu awapeleke siku moja kwenye kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Na taarifa ya vuli ikitangazwa, isomeni kwa sauti nyumbani, mkaulize mambo matatu: mtaro wetu umezibuliwa, mbegu yetu ni ya muda mfupi au mrefu, na maji ya bati letu yanakwenda wapi? Anzeni mwaka huu, kabla ya Oktoba.